Nywele zina rilaksa na blichi, ncha zinakatika: niweke rangi gani nisizimalize kabisa?

NchaKavu

Habari wadau. Naomba mwongozo kabla sijagusa chochote.

Hali ilivyo: urefu ni kama sentimita 25. Sentimita 4 za kwenye ngozi ni nywele mpya, nyeusi, hazijaguswa na dawa. Sentimita 11 zinazofuata zina rilaksa ya sodiamu haidroksaidi. Sentimita 10 za mwisho zina rilaksa hiyohiyo, na juu yake blichi mara mbili. Hizo za mwisho zenyewe hazilingani: kwa juu ni rangi ya chungwa, nchani ni njano iliyopauka. Zikikauka zinakwaruza kama katani, zikilowa zinateleza na kuvutika. Chanuo linabaki na vipande vifupifupi.

Ninachotaka ni kahawia moja iliyokolea, kichwa kizima, isiyochujuka ovyo.

Maswali: (1) Rangi ya kudumu, ya muda, au ile ya katikati? (2) Developa (ile peroksaidi ya kuchanganya na rangi) asilimia ngapi? Ninazoziona ni 6, 9 na 12. (3) Nywele mpya zinadai rilaksa. Ianze ipi? (4) Ni kweli kwamba isiyo na amonia ndiyo salama?


RangiKwaMizani

Mleta mada, umeeleza vizuri. Vile vipande vifupi vinamaanisha unywele unakatika njiani. Unywele ulioanguka wenyewe kutoka kwenye shina ni mrefu kama wenzake na una kitone cheupe upande mmoja. Huo usikutie wasiwasi, kila kichwa hupoteza kadhaa kwa siku. Vipande visivyo na kitone ndivyo vya kuhesabu.

Jambo ambalo wengi wanalichanganya: kinachoharibu unywele si rangi inayoingia, ni weusi unaotolewa. Ili unywele upauke, alkali hufumua magamba ya nje, kisha peroksaidi huingia ndani na kuvunja rangi ya asili. Peroksaidi haichagui. Inavunja weusi, na inavunja pia vifungo vya salfa vinavyoshikilia protini ya unywele. Vilevile inaondoa utando mwembamba wa mafuta uliogandana na magamba, ule unaofanya maji yateleze juu ya unywele mzima. Utando huo ukishatoka haurudi. Ndiyo maana nywele zako zinalowa upesi na kukwaruza.

Kwa hiyo kwa kichwa kama chako: ongeza rangi, usipaushe. Rangi unayoiweka iwe sawa na ulichonacho au iliyokolea zaidi. Na hapa kuna habari usiyoitaka. Zile sentimita 15 nyeusi haziwezi kuwa kahawia kwa rangi isiyopausha. Ukipaka kahawia juu ya nyeusi, utaona nyeusi. Badala ya kuvuta shina lifuate ncha, shusha ncha zifuate shina. Kwenye ngazi za rangi namba 1 ni nyeusi na 10 ni njano iliyopauka kabisa. Lenga namba 3, kahawia iliyokolea sana. Mpaka kati yake na nyeusi utapotea, na juani bado itaonekana kahawia.

Kabla ya kununua chochote pima mambo mawili.

Mnyumbuko kwanza. Chukua unywele mmoja, ulowanishe, ushike pande mbili na uuvute taratibu. Ulio mzima hurefuka kama theluthi ya urefu wake halafu hurudi. Ukirefuka na kubaki hivyohivyo, au ukivutika kama chingamu, kiini kimechoka na hapo developa ya aina yoyote isiguse. Ukikatika tik! bila kurefuka, ni mkavu mno au umejazwa protini kupita kiasi. Pima shina, katikati na ncha kila moja peke yake, kwa sababu hizo ni nywele tatu tofauti kwenye unywele mmoja.

Cha pili ni ufyonzaji. Nyunyizia maji nywele kavu zisizo na mafuta. Matone yakikaa juu kwa muda, magamba yamelala. Yakinyonywa papo hapo, yamefumuka, na rangi nayo itanyonywa hivyohivyo: haraka, iliyokolea kuliko ulivyotaka, kisha itatoka haraka vilevile. Kile kipimo cha kudumbukiza unywele kwenye glasi ya maji uone kama unazama, achana nacho. Kondishena kidogo tu iliyobaki inatosha kuuelesha.

Leta majibu, ndipo tuongee namba.


MaabaraNdogo

Nijibu swali la 4 na kipande cha la 2.

Amonia ni alkali inayonuka na kuruka hewani. Kwenye rangi nyingi "zisizo na amonia", kazi yake hufanywa na monoethanolamini. Hii hainuki, lakini pia hairuki, kwa hiyo hubaki kwenye unywele mpaka ioshwe vizuri. Ikitiwa kwa wingi ili rangi ipaushe, inaweza kuharibu sawa na amonia au zaidi. Kwa hiyo usisome neno lililoandikwa kwa herufi kubwa mbele ya boksi. Soma karatasi ya ndani: developa asilimia ngapi, na je, rangi hiyo inapausha au inaongeza tu?

Kuhusu developa, chupa nyingine huandika nguvu kwa voliumu badala ya asilimia: 3% ndiyo voliumu 10, 6% ni 20, 9% ni 30, 12% ni 40. Hizo tatu ulizoziona zote ni za kupausha au kufunika mvi sugu. Unayoihitaji wewe iko chini ya hapo, kati ya 1.5% na 3%, na huuzwa pamoja na rangi za katikati, zile zinazoongeza rangi bila kupausha. Watu huchukua 6% wakaichanganya na maji nusu kwa nusu wakidhani wamepata 3%. Kwa hesabu wako sawa, ila developa ni krimu iliyotiwa asidi na vidhibiti ili isiharibike na ishike uzito. Ukiizimua, mchanganyiko unakuwa mwepesi, unachuruzika hadi mahali usipotaka, na hapo ndipo hasara inapoanzia. Tafuta iliyotengenezwa dhaifu.

Jingine ambalo halitajwi: maji yenye madini. Shaba kidogo iliyonasa kwenye nywele, kutoka kwenye mabomba au bwawa la kuogelea, huchochea peroksaidi ivunjike kwa ukali na kuumiza protini zaidi. Nywele zinazofyonza hunasa madini mengi kuliko nzima. Siku mbili au tatu kabla ya rangi, osha mara moja kwa shampuu yenye EDTA, kiambato kinachonasa madini (itafute kwenye orodha ya viambato), iache dakika 3 hadi 5, suuza, kisha kondishena. Usiioshee siku ileile ya rangi, ngozi ya kichwa itakuwa imekaukiwa na itawasha.


FundiMashina

La 3 nalichukua mimi.

Rilaksa kwanza, rangi baadaye, na kati yao wiki 2 zisizopungua. Ukianza na rangi, rilaksa itaichujua, maana pH yake (kipimo cha asidi na alkali) ni 12 hadi 14, alkali kali mno, na magamba hayawezi kufumuka kiasi hicho yakabakiza rangi. Ukizifanya siku moja, ngozi ya kichwa iliyotoka kuungua kidogo (hata kama huisikii) inapokea kemikali ya pili. Rangi ya muda isiyo na developa hata tone ndiyo pekee inayovumilika siku ya rilaksa, nayo kwa nywele zako sikushauri.

Rilaksa ya haidroksaidi hubadilisha vifungo vya salfa kuwa vya aina nyingine, na haigeuziki. Blichi ilikuja kula vilivyobaki. Ndiyo maana rilaksa mpya ikishuka kwenye zile sentimita 10 za mwisho hata kwa dakika mbili, utazikuta kwenye sinki. Siku ya kutia dawa:

Paka mafuta ya mgando kwenye ngozi yote, masikioni na kwenye paji la uso. Kisha paka kondishena nzito au mafuta hayohayo kuanzia pale nywele mpya zinapoishia hadi nchani. Paka mengi, yaonekane meupe, usione haya. Rilaksa ishikwe na nywele mpya tu, iachwe milimita chache kabla ya mstari wa zamani. Mstari huo, ambapo nywele ya asili inakutana na iliyonyooshwa, ndio udhaifu mkubwa wa unywele mzima. Hapo hukatika kwa chanuo tu, achilia mbali dawa. Suuza kwa maji ya vuguvugu kichwa kikiwa kimeinamishwa nyuma. Kisha shampuu ya kuzimua alkali mara mbili au tatu, na kama ni ile yenye povu linalobadilika rangi, endelea mpaka povu lisibadilike tena.

Tena: usikubali dawa ya kunyoosha au ya kalikiti yenye amoniamu thioglikoleti juu ya rilaksa hii. Kemia zao hazipatani, na hakuna kondishena ya kuokoa kitakachotokea.


NchaKavu

Asanteni sana. Nimepima.

Nywele mpya: zinarefuka na kurudi. Zenye rilaksa tu: zinarudi, ila polepole. Za rangi ya chungwa: zinarudi karibu zote, zinabaki ndefu kidogo. Ncha za njano: zinavutika na hazirudi, mbili kati ya tano zilikatika.

Rilaksa itatangulia, nimeelewa. Swali jipya: hina peke yake je? Au ile hina nyeusi ya unga? Naambiwa ni za asili, hazina madhara.


MaabaraNdogo

Dada, "hina" ni neno linalobeba vitu vitatu tofauti, ndiyo maana watu wanabishana bila kuelewana.

Hina halisi ni majani yaliyosagwa. Rangi yake, losoni, hushikamana na protini na kutoa wekundu wa chungwa. Haipaushi na haivunji kitu. Ubaya wake kwako ni kwamba haitoki. Ncha za njano zitakuwa nyekundu ya moto, shina litabaki jeusi, na ukija kutaka kahawia utakuwa unapaka juu ya wekundu usioondoka. Pia hukausha nywele zilizokwisha kauka.

Hina ya pakiti yenye rangi nyingi tofauti (kahawia, nyeusi, zambarau) mara nyingine huwa na chumvi za metali. Hiyo ndiyo hatari. Peroksaidi ikikutana na metali ndani ya unywele hutoa joto, unywele unaweza kuchemka na kuyeyuka ukiwa kichwani. Kama umewahi kutumia ya namna hiyo na huna uhakika, kata vinywele 20 hivi chini ya kisogo na uvifunge kwa uzi. Viweke kwenye chombo cha glasi chenye mililita 30 za peroksaidi ya 6% na matone 20 ya amonia ya 28% kwa dakika 30. Fanya dirisha likiwa wazi, vaa glavu, usiinamie chombo. Kioevu kikipata joto, kikitoa povu la nguvu au harufu kali ya ajabu, au vinywele vikibadilika rangi ghafla, usiweke rangi yoyote ya developa kichwani mpaka nywele hizo zikue na kukatwa.

Hina nyeusi ya unga mara nyingi ni hina kwa jina tu. Weusi wake hutoka kwa PPD, kiambato kilekile cha rangi za kudumu za boksi, na wakati mwingine kwa kiwango kisichodhibitiwa. Umoja wa Ulaya umeweka ukomo wa 2% ya PPD kwenye rangi inapokuwa tayari kichwani, na hairuhusiwi kabisa kwa kuchorea ngozi. Aliyewahi kuchorwa mapambo ya hina nyeusi mwilini yakamvimbisha au kumwasha, rangi za kudumu kwake ni mwiko. Mwili ukishaikataa PPD mara moja hauisahau.


RangiKwaMizani

Majibu ya vipimo yamenyoosha mambo. Kichwa chako kina kanda tatu, na kila moja inapata kitu chake.

Zote nyeusi, mpya na zenye rilaksa: usipake kitu. Hazihitaji.

Za chungwa: rangi ya katikati na developa ya 1.5%, au ile iliyo karibu nayo kwenye mfumo wa rangi utakayonunua. Usizidi 3%.

Za njano: kata sentimita 2 au 3. Hakuna kinachounga ncha iliyopasuka. Krimu huigandisha tu mpaka uioshe, na mpasuko huendelea kupanda juu. Zitakazobaki zipate rangi ya muda tu, isiyo na developa.

Sasa kosa ambalo nusu ya watu hulifanya wakitoka njano kwenda kahawia. Wanapaka kahawia moja kwa moja na kupata ukijani wa maji ya kidimbwi. Sababu ni hii: kahawia ni mchanganyiko wa nyekundu, njano na bluu. Unywele wa njano umeshapoteza wekundu na chungwa yake, kwa hiyo bluu iliyo ndani ya rangi inakutana na njano tupu. Za chungwa hazina shida hiyo, msingi wao upo. Za njano lazima ziwekewe msingi kwanza.

Vifaa: mizani ya gramu, bakuli mbili za plastiki au glasi (si za metali), brashi, glavu jozi mbili, chanuo la meno mapana, pamba, taulo kuukuu, saa.

Rangi: kwa kanda ya chungwa, nusu 4.0 na nusu 4.3. Kwa kampuni nyingi tarakimu ya baada ya nukta ndiyo mwelekeo wa rangi, na .3 ni dhahabu. Hakikisha kwenye chati ya kampuni yako, maana hawafanani wote. Nimesema 4 wakati tunalenga 3 kwa makusudi, kwa sababu nywele zinazofyonza hukoleza kwa ngazi nzima. Kimbia .1, ni jivu, kwako itakuwa kijivu chafu. Kwa ncha: rangi ya muda ya shaba, na nyingine ya kahawia iliyokolea.

Jaribu kwanza kwa fungu la nywele la upana wa penseli, chini ya kisogo, hatua zote mpaka kukausha. Rangi ikiwa mbichi huonekana nyeusi kuliko ilivyo, kwa hiyo usihukumu kabla haijakauka. Kisha vuta tena unywele wa fungu hilo. Ukiwa dhaifu kuliko mwanzo, acha developa kabisa na utumie ya muda kwa kanda zote mbili.

Siku yenyewe:

Nywele ziwe safi, kavu, hazina mafuta mazito. Gawa mafungu manne kwa msalaba, kutoka paji la uso hadi kisogoni na sikio hadi sikio. Zipake ncha za njano kondishena nzito zisiguswe na developa.

Pima gramu 20 za rangi (10 na 10) na gramu 40 za developa kama maelekezo yanasema 1:2. Kama yanasema vingine, fuata yao. Koroga mpaka kusiwe na hata dongo moja, maana dongo likikaa mahali litaacha baka. Paka kwa vijifungu vya unene wa sentimita 1, ukianzia kisogoni, kwenye chungwa tu, na brashi ivuke mpaka wa nyeusi kwa nusu sentimita ili pasionekane mstari. Usisugue wala usichane kwa nguvu, nywele zenye rangi mbichi zimevimba na hukatika kwa kuvutwa kidogo.

Dakika ya 5 futa unywele mmoja kwa pamba yenye maji uone, halafu kila baada ya dakika 3. Nywele kama hizi mara nyingi huiva kati ya dakika 10 na 15 hata kama boksi limesema 20. Hakuna joto, hakuna kofia ya draya. Suuza kwa maji ya vuguvugu mpaka yatoke meupe, osha mara moja kwa shampuu laini, kamua kwa taulo kwa kubana, si kwa kusugua.

Sasa ncha. Changanya rangi ya shaba na kondishena nyeupe, kiasi sawa. Paka kwenye njano tu, dakika 15, suuza kwa maji bila shampuu. Zinapaswa kufanana na shaba iliyofifia, si chungwa linalowaka. Zikiwaka, punguza shaba kwenye jaribio lijalo. Bana maji, paka kahawia ya muda, dakika 20 hadi 30, ukiisogeza juu kidogo iingiliane na kanda ya chungwa. Suuza, weka kondishena.

Zikitoka nyeusi kuliko ulivyotaka, usirudi na blichi. Osha kwa shampuu ya kawaida mara nne tano, nywele zako zitaitema zenyewe.


FundiMashina

Kazi safi hiyo mkuu. Naongeza yaliyobaki upande wa ngozi.

Jaribio la mzio: saa 48 kabla, kila mara, hata kama ni rangi ileile ya mwaka jana, maana watengenezaji hubadilisha viambato na mwili nao hubadilika. Paka tone nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko kama karatasi inavyoelekeza, usifunike, usioshe. Muwasho, wekundu, malengelenge au uvimbe, hata ukitokea siku ya tatu, rangi hiyo imekataliwa. Kichwani ukisikia moto (si baridi au mchonyoto mdogo, moto), suuza hapohapo, usisubiri saa. Uso au kope zikivimba, au pumzi ikibana, ni hospitali mara moja.

Ngozi yenye kidonda, upele au mikwaruzo ya kucha isubiri ipone. Kama umesuka, fumua na upumzishe ngozi siku kadhaa. Rangi ya nywele haipakwi nyusi wala kope, hata kidogo, hata "nimalizie tu iliyobaki kwenye bakuli". Mchanganyiko uliobaki mwagia sinki, suuza chupa. Usiufungie kwenye kopo, gesi ya oksijeni inaendelea kutoka na kopo linaweza kupasuka.


NchaKavu

Nimenakili yote. Mawili ya mwisho. Kati ya rilaksa na rangi, zile wiki mbili nizifanyie nini nywele? Na baada ya hapo rangi itadumu vipi? Maana mmesema zinaitema.


MaabaraNdogo

Wiki mbili hizo ni za kuzijenga kidogo, si kuzikarabati. Unywele ni kitu kisicho hai, haujiponyi.

Protini: bidhaa yenye keratini au protini ya ngano iliyovunjwavunjwa (kwenye orodha huanza na neno "hydrolyzed"), mara moja tu, katikati ya wiki mbili. Ikizidi, nywele zinakuwa ngumu kama ufagio na kukatika tik. Ncha zako zinazovutika zitaifurahia, mashina hayaihitaji. Kuna pia zile dawa za kuimarisha vifungo, zenye asidi ya maleiki au sitriki. Husaidia, hasa zikitumika kabla na baada ya rangi, ila hazirudishi unywele ulipokuwa kabla ya blichi.

Kondishena kila unapoosha, na iwe na behentrimonium au cetrimonium kati ya viambato vitano vya mwanzo. Unywele ulioharibika una chaji hasi nyingi na hivi vina chaji chanya, kwa hiyo vinaganda palepale penye uharibifu. Mafuta ya nazi yapake usiku kabla ya kuosha, vijiko viwili vidogo nchani. Yanaingia ndani ya unywele na kupunguza protini inayotoka wakati wa kuosha. Ila yasiwepo kichwani siku ya rangi.

Baada ya rangi, adui wa kwanza ni maji yenyewe. Kila ukizilowesha zinavimba, rangi inapata mlango. Osha mara moja kwa wiki, maji ya vuguvugu, shampuu isiyo na salfeti kali, na ile osha ya kwanza isubiri siku 3. Kwa kusuuzia mwishoni, mililita 15 za siki ya 5% kwenye nusu lita ya maji, dakika moja, kisha maji. Asidi hiyo hafifu hulaza magamba. Usiongeze siki ukidhani itafanya kazi zaidi. Pasi ya nywele isizidi nyuzi 180, na kwa zile ncha za mwisho ningesema isiguse kabisa. Juani funika kichwa, jua linapausha rangi kama linavyopausha nguo kwenye kamba.


RangiKwaMizani

Kudumu: ncha zitaanza kuonyesha ushaba baada ya kuosha mara 4 hadi 6, kanda ya chungwa itavumilia zaidi. Usirudie kazi nzima. Weka kijiko kimoja cha kahawia ya muda kwenye vijiko vinne vya kondishena yako nyeupe, paka nchani kila baada ya kuosha mara mbili, dakika 10. Developa haihitajiki tena mpaka kanda ya chungwa ipauke waziwazi, na hapo ni 1.5% ileile, dakika 5 hadi 10, kwenye chungwa pekee.

Nywele hukua kama sentimita 1 na kidogo kwa mwezi. Ukikata sentimita 1 kila mwezi, urefu unabaki uleule na ncha zote za blichi zimeisha ndani ya miezi 7 hadi 8, kwa kuwa sentimita 2 au 3 umeshazikata. Kabla hujanunua rangi, nitumie namba zilizoandikwa ubavuni mwa boksi na uwiano wa kuchanganya ulio kwenye karatasi ya ndani. Nitakuambia kama .3 yao ni dhahabu kweli.